Chembe hazigusani angani, sasa mlipuko wa Jua unazisukumaje?

Kiangazi aliuliza:

Habari zenu wakuu. Nina swali ambalo limeninyima usingizi siku tatu sasa, naomba mnisaidie.

Juzi nilikuwa napitia picha za zamani za SOHO, chombo cha angani kinacholitazama Jua, zile za kamera inayoliziba Jua kwa kisahani ili korona, yaani angahewa ya nje ya Jua, ionekane pembeni. Nikafungua za tarehe 14 Julai 2000. Mlipuko wa siku ile ulifika kileleni saa 4:24 asubuhi kwa saa za Greenwich. Nusu saa baadaye wingu kubwa linaonekana limetoka pande zote za kisahani, kama pete inayotanuka. Lakini kabla pete ile haijafika ukingoni mwa picha, picha nzima inajaa vidoa vyeupe. Vinaongezeka mpaka nyota za nyuma hazionekani tena. Nimekuza picha moja hadi mwisho: vingine ni nukta, vingine ni vistari vifupi vilivyolala kila upande.

Nimesoma kwamba vidoa hivyo ni protoni zilizopenya kwenye kamera. Hapo ndipo nilipokwama. SOHO iko kilomita milioni 1.5 tu kutoka duniani, kwa hiyo kutoka kwenye Jua hadi pale ni karibu kilomita milioni 150. Wingu lenyewe lilifika Dunia kesho yake, muda mfupi baada ya saa 8:30 mchana, yaani saa 28 tangu mlipuko. Protoni zilifika kabla ya saa moja kwisha. Kama wingu ndilo lililozibeba, ziliwezaje kulitangulia hivyo?

Na la pili, ambalo ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Upepo wa Jua, ule mkondo wa chembe unaotoka kwenye Jua wakati wote, una chembe kama 5 tu katika sentimita moja ya ujazo. Chembe moja inaweza kusafiri kutoka kwenye Jua hadi hapa bila kugongana na nyingine hata mara moja. Sasa wingu linapokuja kwa kasi na kuukuta upepo mbele yake, nani anamsukuma nani? Kwa nini chembe za wingu zisipite katikati ya chembe za upepo kila moja na njia yake?

HesabuNdogo alijibu:

Mkuu, mwanga ndio unaosukuma. Angalia mkia wa nyotamkia: siku zote umeelekea upande wa pili wa Jua, kwa sababu mwanga una msukumo. Mlipuko wa Jua ni mwanga mkali mno, hivyo unazisukuma protoni zilizo njiani na kuzirusha mbele. Ndiyo maana zinafika mapema.

MwalimuMstaafu alijibu:

Ndugu HesabuNdogo, mfano wako ni mzuri na nusu yake ni kweli. Nyotamkia huwa na mikia miwili. Ule wa vumbi, uliopinda kidogo, husukumwa na mwanga kama ulivyosema. Ule mwingine, mwembamba na ulionyooka, wa gesi iliyopoteza elektroni, mwanga hauutoshi. Ludwig Biermann alilieleza hilo mwaka 1951: ili gesi ile ikimbie vile, lazima Jua liwe linatoa mkondo wa chembe wakati wote. Mwaka 1958 Eugene Parker akaonyesha kwa hesabu kwamba korona ina joto kubwa mno, zaidi ya digrii milioni moja, hata Jua haliwezi kuishikilia. Lazima itiririke kwenda nje. Wakaguzi waliosoma makala yake waliikataa, lakini mhariri wa jarida, Chandrasekhar, aliichapisha. Mwaka 1959 chombo cha Kisovieti Luna 1 kikauonja mkondo huo, na mwaka 1962 Mariner 2 ikaupima njia nzima ya kwenda Zuhura. Huo ndio upepo wa Jua.

Kuhusu mwanga na chembe tupu: ukichukua protoni moja na elektroni yake, mvuto wa Jua kwao ni kama mara 30,000 ya msukumo wa mwanga wa Jua. Na mlipuko mkubwa unaongeza mwanga wote wa Jua kwa chini ya sehemu moja ya elfu. Kinachozidi sana ni eksirei na miale ya urujuanimno, si ule mwanga wote. Kwa hiyo si mwanga.

Sasa Kiangazi, swali lako la pili ndilo mlango wa kuingilia, tuanze nalo.

Nilipokuwa nafundisha nilikuwa na osiloskopu ya zamani, ile ya mrija mrefu wa kioo. Nilikuwa naizima mistari yote nabakiza nukta moja ya kijani katikati ya kioo, pale elektroni zilizorushwa mrijani zinapogonga. Kisha namwita mwanafunzi mmoja asogeze sumaku polepole ubavuni. Nukta inahama. Akiigeuza sumaku, nukta inahamia upande wa pili. Nawaambia watazame kitu kingine: nukta haizidi kung'aa. Hata ukiweka sumaku kubwa kuliko ile, elektroni zinafika kwenye kioo kwa nishati ileile. Sumaku inaigeuza chembe njia, haiiongezei mwendo hata chembe. Mwendo wake ilishaupata nyuma kule, kwenye volti elfu moja na zaidi za uga wa umeme, yaani eneo ambalo nguvu ya umeme inafanya kazi.

Shika hayo mawili. Sumaku hugeuza, umeme hukimbiza.

Sasa toa mrija, weka anga tupu. Uga wa sumaku unaosafiri ndani ya upepo wa Jua ni dhaifu, kama nanotesla 5 hapa kwetu, chini ya sehemu moja ya elfu tano ya ule unaogeuza sindano ya dira ardhini. Lakini hakuna kingine cha kushindana nao. Protoni ya upepo, yenye mwendo wa kilomita 430 hivi kwa sekunde, ukiiweka ikatize uga huo itapindishwa, itapindishwa tena, mpaka ifunge duara. Nimelipiga hesabu duara hilo mara nyingi ubaoni: nusu kipenyo chake ni kama kilomita 900, na protoni hulimaliza kwa sekunde 13. Elektroni, kwa kuwa ni nyepesi mara 1,836, hulimaliza lake kwa sehemu saba hivi za elfu moja ya sekunde.

Kilomita 900 ni umbali mrefu kwa miguu, lakini wingu lile lilipofika kwetu lilikuwa na unene wa makumi ya mamilioni ya kilomita. Ndani yake kila protoni ni mdudu anayezunguka kwenye uzi wake, yaani mstari wa uga wa sumaku. Haiwezi kuuacha uzi ikajiendea. Uzi ukibebwa, nayo inabebwa. Na uzi wenyewe unatengenezwa na mikondo ya umeme ya chembe hizohizo. Mwanafizikia Hannes Alfvén alisema uga umeganda ndani ya plazma, yaani gesi ya chembe zenye chaji kama hizi, akapewa Nobel mwaka 1970. Kwa hiyo wingu linapoukuta upepo, chembe hazihitaji kugongana. Nyuzi za wingu haziwezi kupita katikati ya nyuzi za upepo. Zinabanana, uga unakazwa, na chembe za upepo zinajikuta zinasukumwa na kitu ambacho hazijakigusa.

Sasa rudi kwenye vidoa vyako. Protoni inayoweza kupenya ukuta wa chombo na kuacha alama kwenye kamera si ile ya kilomita 430 kwa sekunde. Chukua ya nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) milioni 100. Hiyo huenda kwa asilimia 43 ya kasi ya mwanga. Katika uga uleule wa nanotesla 5, nusu kipenyo cha duara lake ni kama kilomita 300,000, karibu umbali wa kutoka hapa hadi Mwezini. Chembe ya namna hiyo haijali mikunjo midogo ya uga, inateleza juu ya uzi mkubwa na kwenda zake. Njia ikiwa imepinda kidogo, inafika kwa dakika 23 hivi. Mwanga hutumia 8. Kwa hiyo ulipouona mlipuko, protoni za kwanza zilikuwa nyuma ya mwanga kwa robo saa tu. Wingu halikuzibeba. Zilianza nalo, zikaliacha.

Nukta ni iliyoingia kwenye kamera wima. Kistari ni iliyoingia mshazari, ikapita kwenye safu ya vipokezi vingi kabla ya kutoka. Umetazama vizuri.

Kiangazi alijibu:

Mwalimu, asante sana. Nimesoma mara mbili. Lakini umesema sumaku haiongezi mwendo. Basi nani aliyezipa hizo protoni asilimia 43 ya kasi ya mwanga?

MwalimuMstaafu alijibu:

Nilijua utauliza, na nilitaka uulize.

Uga wa sumaku ukitulia hauongezi kitu. Ukibadilika au ukisogea, unazaa uga wa umeme, na huo ndio unaokimbiza. Jua linafanya hivyo kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kwenye mlipuko wenyewe. Juu ya madoa ya Jua, nyuzi za uga zinazoelekea pande tofauti zinabanwa pamoja mpaka zinakatika na kuungana upya kwa umbo jingine. Nishati iliyokuwa imehifadhiwa kwenye nyuzi zilizojikunja inatoka kwa dakika chache, na sehemu yake kubwa wanaipata elektroni na ayoni (atomi zilizopoteza elektroni) zilizokuwepo pale. Elektroni nyingine zinarushwa chini kwenye uso wa Jua, zinagonga gesi nzito, na mgongano huo ndio unaotoa eksirei kali. Kwa hiyo hata mwanga tunaouita mlipuko, kwa sehemu, ni kelele ya chembe zinazotua.

Ya pili ni mbele ya wingu. Wingu la tarehe 14 Julai lilitoka kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa sekunde kwenye upepo unaokwenda kwa mia kadhaa tu, kwa hiyo mbele yake likatengeneza ukuta wa mshtuko. Protoni inayokutana na ukuta ule inarudishwa mbele ikiwa na kasi zaidi. Mbele kuna mikunjo ya uga inayoigeuza, inarudi tena ukutani, inapata nyongeza nyingine. Dundisha mpira mdogo mezani kwa kiganja, kisha ukishushe kiganja polepole. Kila ukigonga kiganja unaongeza mwendo, mpaka masikio hayahesabu tena migongano. Enrico Fermi ndiye aliyetoa wazo hilo la kurushiana mwaka 1949, akifikiria miale ya kosmiki, yaani chembe za kasi zinazotoka mbali nje ya mfumo wa Jua, na linafanya kazi hapa pia. Siku moja protoni inapata bahati ya kudundwa mara nyingi kuliko wenzake, na hiyo ndiyo inayoandika kistari kwenye kamera yako. Nyingi hazifiki huko, zinabaki na wingu.

MawimbiMafupi alijibu:

Wakuu, naomba niongeze upande ambao mimi nauishi, maana mwanga umeachwa kama vile hauna kazi kwa chembe zenye chaji. Una kazi, tena ya papo kwa papo: unazitengeneza.

Mimi ni mtu wa redio ya masafa mafupi. Tarehe 6 Septemba 2017 nilikuwa hewani mchana, nasikiliza stesheni ya mbali niliyokuwa nimezungumza nayo dakika chache kabla. Sauti ikaanza kuzama. Haikukatika kama mtu aliyezima mtambo, ilizama kama kitu kinachoshuka majini, na kelele za angani nazo zikazama pamoja nayo. Hilo ndilo lililonitisha: kipaza sauti kikawa kimya kabisa, hata ule mvumo wa kawaida haupo. Nikakagua antena, nikakagua waya, nikabadilisha masafa, ni uleule ukimya. Kumbe saa 6:02 mchana za Greenwich Jua lilikuwa limetoa mlipuko wa X9.3 (X ndiyo daraja la juu kabisa la milipuko), mkubwa kuliko wote wa mzunguko ule wa miaka 11.

Eksirei zilifika pamoja na mwanga. Zikaingia kwenye tabaka la chini la ayonosfia (sehemu ya juu ya angahewa yenye chembe za chaji), kilomita 60 hadi 90 juu yetu, zikang'oa elektroni kwenye molekuli za hewa. Wimbi la redio likipita pale linazitikisa elektroni hizo. Zikitikisika zinagonga hewa iliyo nzito kule chini, na nguvu ya wimbi inaishia kuwa joto. Ndiyo maana tunapoteza masafa kwa saa nzima au zaidi, upande wenye mchana tu. Wenzetu waliokuwa usiku hawakujua kitu. Wingu lilikuwa bado liko karibu na Jua wakati mimi naegemea meza nikishangaa.

MwalimuMstaafu alijibu:

Ahsante sana ndugu yangu. Hilo nililiruka na halikupaswa kurukwa.

Kiangazi alijibu:

Sasa mmeniongezea swali. Nimetazama milipuko mingine mikubwa kwenye orodha, nikaenda kwenye picha za SOHO za siku hizo. Mingine haina vidoa kabisa! Oktoba 2014, kwa mfano, kundi kubwa sana la madoa lilitoa milipuko sita ya daraja la X, na picha zake ni safi. Kwa nini?

MwalimuMstaafu alijibu:

Kundi lile nalikumbuka vizuri. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba lilionekana kwa kioo cha kutazamia kupatwa kwa Jua bila darubini. Sababu yake ni kwamba milipuko ile karibu yote haikutoa wingu. Uga ulio juu yake ulikuwa na nguvu, ukaibana nyuzi zisitoke. Mwanga ukatoka, plazma ikabaki. Bila wingu hakuna ukuta wa mshtuko, bila ukuta hakuna wa kuzidunda protoni mpaka zifike mwendo ule.

Lakini kuna sababu nyingine inayotokea mara nyingi zaidi. Jua linazunguka, kwetu linaonekana kumaliza mzunguko kwa siku 27 hivi. Upepo unatoka moja kwa moja kwenda nje, ila mguu wa kila uzi umebaki kwenye Jua linalogeuka. Ukimwagilia maji kwa mpira huku unajizungusha, kila tone linakwenda mbele moja kwa moja, lakini ukitazama mkondo mzima umepinda. Nyuzi za uga wa Jua nazo zimepinda hivyo, na zinapofika kwetu zimelala kwa pembe ya digrii 45 hivi. Ukifuata uzi unaoigusa Dunia kurudi nyuma, haukufikishi katikati ya uso wa Jua. Unakufikisha upande wa magharibi, ule wa kulia kwenye picha zako. Mlipuko ukitokea kule, protoni zake ziko tayari juu ya uzi wetu. Ukitokea upande wa kushoto, uzi wake unakwenda kwingine, na sisi tunapata chache tena kwa kuchelewa, wingu likishatanuka vya kutosha kufika kwenye nyuzi zetu.

Jaribu: chukua milipuko kumi mikubwa, andika ulikotokea na muda wa vidoa vya kwanza. Usinisadiki mimi, zisadiki picha.

NyutroniMoja alijibu:

Ruhusuni na mimi jambo moja, kwa sababu duara la mwalimu linaeleza kitu nilichokuwa nakiona kila mara bila kukielewa.

Kuna vituo duniani vinavyohesabu nyutroni zinazoanguka kutoka juu, zinazotokana na miale ya kosmiki ya mbali kugonga hewa. Nafungua michoro yake kila asubuhi. Nilitarajia kwamba dhoruba ya Jua ikifika hesabu itapanda. Mara nyingi ni kinyume: inaporomoka ndani ya saa chache, kisha inapanda polepole kwa siku kadhaa. Mei 2024, ile dhoruba kubwa ya sumaku iliyowasha anga kwa aurora (mianga ya rangi angani) hadi sehemu ambazo watu hawajawahi kuiona, mstari ulianguka mbele ya macho yangu. Scott Forbush aliliona jambo hili tangu mwaka 1937.

Nimepiga hesabu kwa kanuni ya mwalimu. Protoni ya elektronivolti bilioni 10 katika uga wa kawaida ina duara la nusu kipenyo cha kilomita milioni 7 hivi. Ndani ya wingu uga unakazwa mara kadhaa, duara linapungua hadi milioni moja au mbili. Wingu ni nene kuliko hilo. Kwa hiyo hata chembe iliyosafiri kutoka nje kabisa ya mfumo wetu inageuzwa mlangoni, na sisi tulio nyuma ya wingu tunapata chache. Ni sahihi?

MwalimuMstaafu alijibu:

Ni sahihi. Na upepo wa kawaida unafanya kazi hiyohiyo kila siku, kwa upole, mpaka mbali sana. Voyager 1, chombo cha angani, ilipovuka mpaka wa upepo wa Jua tarehe 25 Agosti 2012, mara 121 ya umbali wetu na Jua, vipimo vyake vilionyesha chembe za Jua zimetoweka na miale ya kosmiki imepanda ghafla. Ilikuwa imetoka nje ya pazia.

Kiangazi alijibu:

Nimerudi. Samahani nimekawia, nilikuwa na kazi ya mikono.

Nimeipiga hesabu ya kasi kwanza. Kilomita milioni 150 kwa saa 28 ni wastani wa karibu kilomita 1,500 kwa sekunde, na mwalimu alisema wingu lilitoka kwa zaidi ya 1,600. Nadhani huko lilikopungukia ndiko lilikokuwa linausukuma upepo. Mwendo uliopotea ulikwenda kwa chembe ambazo halikuzigusa.

Kisha nikachora. Duara la protoni ya upepo nililipa nusu kipenyo cha milimita moja, nukta ya kalamu. Kwa kipimo hicho, ile ya elektronivolti milioni 100 inahitaji sentimita 33, kwa hiyo nikafunga uzi kwenye kalamu nikachora uani kwa chaki. Unene wa wingu, kwa kilomita milioni 40, ukawa mita 44. Nikapima kwa hatua, nikaweka jiwe kila mwisho. Jua likaangukia mita 167, ng'ambo ya ukuta, huko sikufika.

Nimesimama kwenye jiwe la kwanza nikiitazama ile nukta ya milimita moja miguuni, na jiwe la pili kule mbali, nikaelewa kwa nini haiwezi kutoka. Kesho naanza ile milipuko kumi. Mwalimu, niandike muda wa kidoa cha kwanza kabisa, au nisubiri vifike vingapi ndipo nihesabu kwamba vimeanza? Maana nimeona hata siku tulivu picha haikosi viwili vitatu.

MwalimuMstaafu alijibu:

Chukua picha sita za kabla ya mlipuko, hesabu vidoa vya kila moja, tafuta wastani wake. Picha ya kwanza yenye mara tatu ya wastani huo ndiyo mwanzo wako. Viwili vitatu vya siku tulivu ni miale ya kosmiki ya huko mbali.